Nilivyotengeneza Old Fashioned ya marehemu kaka yangu hapa Nuu, maji nusura yaniaibishe

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi huwa nasoma tu, siandiki. Leo naandika kwa sababu nina furaha na karibu yangu hakuna wa kumwambia asicheke. Nitaeleza vile ilikuwa, hata pale nilipoharibu.

Shule niliacha darasa la nane. Natengeneza pikipiki hapa Nuu, upande wa Mwingi. Pombe sinywi. Hilo muweke akilini.

Kaka yangu Kyalo alikuwa barman huko Pwani kwa miaka mingi. Kila Desemba akija nyumbani, alimtengenezea Mzee wetu, baba yetu, glasi moja ya kinywaji cha wiski. Moja tu. Yeye aliiita Old Fashioned. Mzee aliiita "ile ya Kyalo."

Walikaa nyuma ya jikoni, kwa sababu Mwaitu, yaani mama yetu, ameokoka na pombe haivuki mlango wake.

Mwaka huu tulimzika Kyalo. Aliugua kidogo tu, akaenda. Hapo sitaandika mengi.

Mke wake Mwende alikuja na vitu vyake. Ndani ya begi kulikuwa na kijiko chake kirefu, kachupa ka bitters, yale matone machungu, na chupa ya wiski. Wiski ilibaki ya glasi mbili hivi. Mzee akasema isiguswe. Tukaiweka juu ya kabati.

Tangu mazishi Mzee alikuwa anajibu watu kwa kichwa tu. Unamsalimu, anatikisa kichwa. Unamuuliza kama amekula, anatikisa kichwa.

Wiki ya kuweka msalaba kaburini, aliniita.

"Muthui, watu wakishaenda, nitengenezee ile ya Kyalo."

Nikasema sawa. Lakini wakuu, kuona mtu akifanya si kujua. Nikaingia humu kwenye forum nikasoma. Kuna mkuu mmoja aliandika vizuri: sukari kidogo, matone ya bitters juu yake, wiski, barafu, halafu ukoroge polepole mpaka glasi itoe jasho. Usitikise kama chupa ya dawa. Mwisho unakamua ganda la chungwa juu.

Machungwa hayakunisumbua. Dada yetu ameolewa Mukuyuni, kwenye mashamba ya machungwa, alikuja na gunia zima. Barafu nilichukua kwa jirani mwenye duka, ana friji ya soda.

Siku ikafika. Tukaomba, msalaba ukawekwa, watu wakala wakaenda. Nikatoka na glasi nyuma ya jikoni. Nilikuwa nimekoroga mpaka mkono ukachoka.

Mzee akaonja. Akaiweka chini.

"Umejaribu," akasema. Akainuka akaenda kuangalia mbuzi.

Wakuu, heri angenitukana.

Nilionja kidogo mimi mwenyewe, maana nilitaka kujua nimekosa wapi. Sikusikia kitu. Ilikuwa kali, basi. Mwende akanikuta hapo, akachovya ncha ya kijiko.

"Shemeji, mbona umetia chumvi? Ulidhani ni sukuma wiki?"

Nikaapa sijatia. Akachovya tena, akasema chumvi iko. Kisha akaniuliza barafu ni ya maji gani.

Hapo ndipo nilielewa.

Wale wa kwetu mnajua. Maji yetu ni ya borehole, kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, na yana chumvi. Tunapikia, tunakunywa, hata hatusikii tena. Mwende ameishi kwingine, ulimi wake bado unasikia. Na kinywaji hiki kinakorogwa, kwa hivyo kila ukikoroga barafu inayeyuka na kuingia ndani. Nilikuwa nakoroga borehole kwenye wiski ya marehemu.

"Kyalo alikuwa anatumia ya tangi," Mwende akasema.

Tangi ni la Mwaitu. Ni la maji ya mvua, lina kufuli, na ufunguo anaufunga kwenye leso. Maji hayo ni ya chai ya wageni na ya mgonjwa. Wakati huu wa kiangazi hata mimi mtoto wake sipewi. Sasa niende nimwambie nataka ya pombe?

Na wiski ilibaki ya glasi moja.

Ningeweza kumdanganya Mwaitu. Lakini kaburi la kaka yangu liko pale pale uani, sikuweza. Nikamwambia ukweli wote, kwamba maji ni ya barafu, barafu ni ya ile glasi, na glasi ni ya Mzee.

Alikuwa anachambua pojo. Hakuacha.

"Kyalo alikuwa akiniambia ni ya kunywa dawa," akasema. "Kila Desemba. Unadhani sikujua?"

Akafungua leso.

Nikapeleka maji dukani yagandishwe. Mwenye duka akacheka, akasema maji ya Mama hata mchungaji huyapata kwa kikombe, na leo yanalala kwenye friji yake.

Kesho yake mchana nikaanza upya. Sukari, matone, wiski yote iliyobaki. Barafu ilikuwa safi mpaka naona vidole vyangu kupitia kwake. Nikakoroga bila haraka, nikakamua ganda la chungwa.

Mzee akaonja. Akaonja tena. Akafumba macho.

"Ni yake hii."

Halafu akaanza kuongea. Akatueleza vile Kyalo akiwa mtoto alimpa mbuzi busaa, ile pombe ya kienyeji, na mbuzi akalala mlangoni mwa kanisa. Mwende alicheka mpaka akalia. Tulikaa hapo mpaka mbuzi wa leo wakarudi wenyewe.

Mwaitu akatoka jikoni, akachukua glasi tupu, akainusa.

"Kumbe ni chungwa tu," akasema. Akaiosha mwenyewe. Akaiosha kwa maji ya tangi.

Mimi nilienda nyuma ya choo nikafuta macho, halafu nikarudi nikitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Nilichojifunza ni kwamba hiki kinywaji kina kitu ambacho watu hawaandiki, nacho ni maji. Wiski yako iwe ya bei gani, barafu ikiwa mbaya umekwisha. Na ukihitaji kitu cha mama, mwambie ukweli. Anajua tayari.

Wenzangu wa Kitui na Makueni, nyinyi barafu mnatoa wapi? Na kama kuna mtu amewahi kupika au kutengeneza kitu cha marehemu wake kikatokea sawasawa, aandike hapa chini. Nitasoma zote.