Kurasa Mia Nne za Mabano

Kwa miaka tisa Mama Kurasa alikuwa akiandika miongozo ya programu ambayo zahanati huitumia kuandikisha wagonjwa. Jina hilo alipewa na mafundi wa kompyuta wa ghorofa ya pili, watu ambao hawakuwahi kufungua hata ukurasa mmoja kati ya kurasa zake mia nne, ila waliziheshimu mno, kama mtu anavyoheshimu kabati la mkwewe.

Aliandika kwa alama: mabano yenye pembe mbele ya kila kichwa cha habari na mengine nyuma yake, ili kompyuta ijue kipi kikubwa, kipi kidogo. Mkuu mpya wa idara alipoingia, siku ya tatu tu akagundua kwamba mabano hayo ndiyo yanayoirudisha kampuni nyuma. Alikotoka walishahamia alama mpya, nyota na vistari, na eti watu walikuwa na furaha. Ikaundwa kamati. Kamati ikakutana mara saba. Mama Kurasa hakuwemo. Alielezwa kwa upole kwamba hawakutaka kumchosha.

Kikao cha saba kiliwagawa katikati: nusu walitaka kuhama, nusu walitaka kamati ndogo. Hapo ndipo walipokumbuka kuwa yupo mtu anayeiandika hiyo miongozo. Mkuu akamfuata mezani kwake, akavuta kiti.

"Mama, tumekubaliana uamuzi uwe wako."

"Na mambo yakiharibika?"

"Basi nayo yatakuwa yako," alisema mkuu, akacheka peke yake.

Jumamosi alikwenda kwa dada yake, karani wa mapokezi katika zahanati, aliyeitumia programu hiyo tangu ilipoanza. Akamkuta anaanua nguo. Akamuuliza, yeye akiwa msomaji wa miongozo, angependelea alama zipi, za zamani au mpya. Dada alilifikiria swali kwa heshima zote.

"Mdogo wangu, mimi nikikwama nakupigia simu wewe. Kwani kuna kitabu?"

Mama Kurasa alirudi nyumbani akapiga pasi sare zote za watoto, hata zile zilizokwishapigwa.

Jumatatu akachukua kurasa kumi, akaanza kuzihamisha kwa mkono. Kwenye ukurasa wa tatu, jedwali la siku za kliniki lilivurugika lote. Akalipanga upya. Ukurasa wa sita ulieleza kitufe cha kijani ambacho mafundi walikiondoa miaka minne nyuma. Wa saba vilevile. Kufika wa kumi alikuwa ameacha kuandika. Aliyezitunga ni yeye, aliyeziacha zichakae ni yeye, na aibu ile haikuwa na kamati ya kugawana nayo.

Uamuzi wake ulienea kwenye karatasi moja: tufute kwanza, tuhame baadaye. Akaomba fundi mmoja akae naye wiki tatu amwonyeshe kipi kipo na kipi hakipo tena. Kurasa mia nne zikabaki mia moja. Hizo akazihamishia kwenye alama mpya kwa siku nne, maana kusema kweli zilikuwa rahisi, jambo lililomuudhi kidogo.

Kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, mkuu alionyesha mchoro wenye mshale, akaeleza jinsi alama mpya zilivyopunguza miongozo kwa robo tatu. Watu wakapiga makofi. Mama Kurasa naye akapiga, kwa adabu. Yule fundi wa wiki tatu alinyanyuka nusu, mdomo wazi. Mama Kurasa akamshika mkono wa shati, akamwambia akae, chai ilikuwa bado haijaletwa.