Pumzi Niliyoikata

Walisema sitaweza. Nilipoondoka Musoma kwenda kusomea diploma ya ufundi wa sauti, mjomba alisema nitarudi kuuza karanga stendi ya Bunda. Nilirudi na cheti, nikafungua studio yangu Nyakato, hapo hapo Musoma, kwa jasho langu mwenyewe. Nakuambia haya ujue kwamba anayekusimulia si mtu wa kudanganywa na sauti. Yaliyonipata yalinipata mchana, macho yangu wazi, na kama ningekuwa nayabuni ningejipa nafasi nzuri zaidi humo.

Sifa yangu ilikuwa masikio. Nifunge macho, niwekee wimbo mmoja kwenye CD ya kawaida, CD ya MP3 na DVD, nitakuambia ipi ni ipi. MP3 iliyobanwa sana, kayamba zake zinalia kama mchanga kwenye sufuria. CD inakuja safi. DVD iliyorekodiwa vizuri unasikia hadi ukubwa wa ukumbi. Nilipanga onyesho la kuzilinganisha mbele ya watu, mjomba akae kiti cha mbele. Nikaazima diski: kwa wanakwaya wa Nyegina, kwa bwana harusi mmoja wa Bunda, kwa majirani.

Moja sikuiazima. Mama mmoja wa Butiama aliniletea DVD ya sendoff, sherehe ya kumuaga binti yake kabla ya harusi, ambamo mwanawe wa kiume, sasa marehemu, anatoa hotuba. Kumbukumbu ya mwaka mmoja ilikaribia, na redio yake inacheza CD, za kawaida na za MP3, ila DVD haisomi.

"Mwanangu, nitolee sauti yake," alisema. "Sura yake ninayo kichwani."

Sikuwahi kushika DVD yenye sauti safi kama ile. Niliitamani kwa onyesho langu. Basi nikamchomea CD ya MP3, shughuli nzima humo humo, nimeibana sana na kukata kila nilichokiona uchafu kati ya maneno. Nikamdanganya kwamba DVD imeharibika, haisomeki tena. Alipouliza kama sauti ni ileile, nilimjibu, "Mama, hayo ni mambo ya kitaalamu. Wewe hutasikia tofauti."

Jumapili iliyofuata nilifunga mlango kwa komeo ili nijaribu mitambo. Nilipogeuka, mwanaume wa rika langu alikuwa amekaa kiti cha wateja, shati la kahawia limefungwa vifungo hadi shingoni. Nikadhani komeo halikushika. Wewe ungedhani nini?

"Mtaalamu," alisema, "wanasema unatofautishaga diski kwa masikio tu. Hebu nisikilizishe ile ya Butiama. Ya DVD, halafu uliyoichoma wewe."

Niamini, nilifurahi. Nimepata wa kumwonyesha. Nakala ya ile CD nilikuwa nayo, nikamvalisha hedfoni, nikamchezea zote mbili. Maikrofoni ya mezani ilikuwa wazi, na kila alipozungumza taa za mita ya sauti zilipanda. Kati ya neno na neno zilizima kabisa. Mtu akizungumza hazizimi hivyo, pumzi yake huzigusa kidogo. Nililiona hilo nikalipuuza.

"Kwenye DVD," alisema, "kabla ya kutamka 'mama' navuta pumzi. Kilio kilikuwa kimenishika, nikajikaza. Kwenye hii yako sivuti. Namtaja mama kama nasoma tangazo la mnada."

"Ile ni kelele tu, kaka. Tunaisafishaga."

Akacheka kidogo. "Basi nirudishie kelele yangu. Jumamosi mama anaisikiliza na watu wake."

Picha ya DVD ile sikuwahi kuitazama, nilishughulikia sauti tu; nikawasha skrini nimthibitishie kwamba hajui anachosema. Aliyesimama kwenye picha, maikrofoni mkononi, alikuwa yeye, na shati lilelile. Nilipogeuka, hedfoni zilikuwa juu ya kiti kitupu. Komeo lilikuwa limeshika.

Tangu siku ile nikijirekodi, maneno yangu yote yanaingia, ila pumzi yangu haimo. Nimebadilisha maikrofoni, nimebadilisha nyaya. Nimejisikiliza kwenye CD, kwenye MP3, kwenye DVD. Kote nazungumza kama maiti. Onyesho sikulifanya. Na wewe unayeshika sauti za watu, usikate kitu kabla ya kumuuliza mwenyewe, na usimzibe mtu mdomo kwa cheti chako.

Ijumaa ya wiki ileile nilizirudisha diski zote, Nyegina, Bunda, kwa majirani, mwisho Butiama. Yule mama alikuwa anapeta mtama uani. Nilimpa DVD yake na CD mpya ya kawaida, hotuba peke yake, haijakatwa chochote. Nikamwambia kwamba nilimdanganya. Aliiweka CD kwenye redio, akainamisha kichwa, na pumzi ya mwanawe ilipopita akazima kabla neno halijatoka.

"Ile ya kwanza niliona siku ileile kwamba imepungua," alisema. "Nikafikiri masikio yangu ndiyo yamezeeka, maana wewe ulisoma."

Akachukua ungo wake, akaendelea kupeta.