Mjukuu wangu alivuliwa nguo akafungwa kifuani badala ya kuwekwa kwa mashine. Nilishuku kila mtu

Wakuu habari zenu. Wakamba wenzangu, mwi aseo?

Mimi ni nyanya wa huku Masii. Siku zote huwa nasoma nyuzi zenu na kupita, leo wacha niandike. Shule sikwenda mbali, kwa hivyo herufi zikipotea mnisamehe. Maneno yenyewe hayajapotea, na majina ya watu sisahau. Wenyewe wakisoma hapa watajijua.

Binti yangu Mumbua ameolewa na kijana anaitwa Kyalo. Wanaishi Athi River, Kyalo anafanya kazi kwa kiwanda cha simiti.

Msichana wao wa kwanza alipewa jina la mama ya Kyalo. Kwetu ndivyo huenda. Msichana wa pili ni wangu.

Huyo wa pili nilimngoja sana.

Mimba ikiwa haijafika wakati wake, presha ya Mumbua ikapanda. Akakimbizwa hospitali, mtoto akatolewa mapema. Msichana. Wayua. Yaani mimi.

Mshike hapo mtaelewa kwa nini nilikuwa mkali. Kwa ile wodi aliyekuwa amelala ni mimi mwenyewe, mikono kama njiti za kiberiti.

Nikafika, nikauliza mtoto yuko wapi. Naonyeshwa kifua cha mama yake.

Wakuu, mtoto amevuliwa! Nepi, kofia na soksi, basi. Amelazwa katikati ya matiti ya Mumbua kama chura, ngozi kwa ngozi, halafu wamefungwa pamoja na leso. Na kule nyuma ya kioo naona mashine za kuwapa watoto joto, taa zinawaka.

Nikajiambia, hapa kuna jambo. Pengine mashine imewekewa mtoto wa mkubwa fulani. Pengine imeharibika na wanatuficha. Ama wameona huyu hataishi, ndio wakampa mama yake amshike tu.

Nikamtafuta sista wa zamu. Sista Halima, mzaliwa wa Machakos mjini, anaongea Kikamba kunishinda. Mimi ananiita susu, yaani nyanya.

"Sista, hizo mashine ni za akina nani?"

"Ni za wale wanashindwa kupumua, susu. Wako anapumua mwenyewe. Huyu dawa yake ni kifua."

"Nani amesema?"

"Imefanyiwa utafiti. Nchi nyingi, si hapa tu."

"Utafiti! Kwa hivyo sisi ndio panya?"

Akacheka. "Susu, hata panya hulalia watoto wake."

Mimi sikucheka. Mtu akicheka kabla hajamaliza kujibu, mimi humwekea macho.

Nisimame kidogo kwa wale si Wakamba. Mama mkwe na mume wa binti yake wako na nthoni. Ni heshima, ni aibu, ni vyote. Hatupeani mkono, hatukai karibu, na mwili wa mwenzako huuoni. Kyalo akiingia wodini, mimi natoka. Nikiingia mimi, yeye anatoka. Tangu amuoe Mumbua, tukiwa na neno tunalipitishia Mumbua. Vijana wengi wameacha hayo. Kyalo hajaacha, na mimi sijamwambia aache.

Haya. Nikaanza upelelezi wangu.

Kila nikipata nafasi naingiza mkono chini ya leso, nashika wayo wa Wayua. Una joto. Nikashuku ni jua, maana kitanda cha Mumbua kilikuwa dirishani. Nikaenda kwa Mwikali wa Kinanie, kitanda chake kiko kona haipati jua, na kijana wake alikuwa mdogo kuliko wetu.

"Mwikali, niazime mguu wa mtoto."

"Azima susu, lakini urudishe."

Joto vilevile. Nikaurudisha. Lakini kurudisha si kuamini.

Sasa mchana mmoja Mumbua akaanza kulia kichwa kinapasuka, anaona vimulimuli. Sista Halima akapima presha, akaita wenzake. Wakamfungua mtoto haraka haraka, wakamweka mikononi mwangu.

"Susu, unakohoa, mgeuzie uso kando. Narudi sasa hivi!"

Wakasukuma kitanda, wakaenda na binti yangu.

Nikaona nafasi yangu ndiyo hii. Nilikuwa nimebeba blanketi kutoka nyumbani, lile zito la kulalia Julai. Nikamviringisha Wayua mpaka ikabaki pua. Nikasema kimoyomoyo, sasa wataona joto ya kwetu.

Nikangoja kidogo. Nikaingiza mkono.

Wayo baridi.

Nikaongeza leso yangu juu. Nikashika tena. Baridi zaidi, na sasa hata halii. Midomo inageuka rangi.

Kwa kikundi chetu cha akina mama tunapika muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, kwa kikapu. Unachemsha kwanza kwa moto, halafu unafunika sufuria na blanketi, inaivia humo. Ukifunika sufuria baridi, jioni utafunua sufuria baridi. Hiyo naijua. Nimefundisha watu hiyo.

Na hapo nimefunika sufuria baridi.

Nikapiga nduru. Sista Halima akaja mbio. Kyalo naye alikuwa amefika mlangoni, saa ya kuona wagonjwa, amegeukia ukuta kwa sababu mimi niko ndani.

"Susu, na hicho kikohozi wewe hapana," Sista akasema. "Baba mtoto, ingia. Vua shati."

Kyalo hakusonga. Mimi sikusonga.

"Hawezi kuvua shati nikiwa hapa," nikasema.

"Basi toka."

Nitoke! Nimuache Wayua na watu nimekuwa nikiwachunga tangu nifike? Nikiwa huko nje nitajuaje wanamfanya nini?

Mwikali akapaza sauti kutoka kwa kona yake: "Nyinyi wawili! Huyo mtoto hajui nthoni, anajua baridi!"

Sista Halima akavuta pazia. "Susu upande huu, mkwe upande ule. Sasa nipe mtoto."

Mikono yangu ilikataa kidogo. Halafu ikafunguka.

Wakuu, mtu wa kushuku kama mimi kuwekwa nyuma ya pazia ni adhabu. Naona tu viatu vya Kyalo na vumbi la simiti. Nasikia vifungo. Nasikia leso ikivutwa.

"Umemfunga?"

"Amefungwa."

"Kichwa kinaangalia wapi?"

"Susu!"

Sista akarudi kwa Mumbua. Tukabaki mimi, pazia, na kijana ambaye hatujawahi kuongea naye.

Nikashuku amemfinya. Nikashuku amesinzia. Nikashuku mtoto ameshaenda na wananificha.

Halafu sauti ndogo ikatoka upande ule.

"Mwaitu. Pitisha mkono."

Ni Kyalo, ananiita mama. Nikageuza uso kwa ukuta, nikapitisha mkono kwa mwanya wa pazia. Akaniwekea wayo kiganjani. Haukuwa na joto bado, lakini baridi ilikuwa imevunjika.

Tukakaa. "Mwaitu." Nikapitisha tena. Vuguvugu.

Tukakaa. "Mwaitu." Safari hii kabla sijafunga vidole, Wayua akanipiga teke.

Nikalia pale ukutani, na ninajua Kyalo alisikia.

Mumbua alirudi, presha ilishushwa. Leo Wayua anatambaa, anafukuza kuku zangu.

Somo ni hili. Sijaacha kushuku. Ile dawa ya kupaka kitovu waliyotupa hospitalini bado naichunguza, ingawa kitovu kilianguka kikavu. Ila nimejua kushuku na blanketi langu pia. Usikubali kwa sababu wamesema, usikatae kwa sababu wewe ni mzee. Uliza, halafu shika mguu.

Na nyinyi madaktari mko humu, mama akija kliniki mwambieni aje na nyanya. Sisi ndio tuko na mablanketi.

Semeni yenu hapo chini, sikasiriki. Wale wa kuniambia nilivunja nthoni nawajibu mapema. Kifua cha mkwe wangu sikukiona. Nilishika mguu wa Wayua, na Wayua ni mimi.

Mtu hukatazwa kushika mguu wake?