Saa Mbili ya Marehemu Chengo

Kabibi hakuijua sauti ya baba yake. Chengo alifariki binti akingali ananyonya, akaacha shati moja na sifa za ucheshi ambazo mama hachoki kuzisimulia. Basi redio moja ya Malindi, ambayo Kabibi ndiye aliyeitengenezea programu ya kurushia vipindi, ilipookota kwenye kanda kuukuu salamu za Chengo, enzi zake za ukuli Mombasa, moyo ulimruka. Hakuzisikiliza. Alitaka azisikie pamoja na mama, kwao kijijini Ganda, Jumamosi saa mbili asubuhi.

Wakakaa, redio katikati, mihogo ikipoa. Saa mbili ikaja, ikapita na taarabu yake. Kabibi akampigia Nelly, mtangazaji.

"Mbona nimeandika, dadangu! Mbili, nukta pacha, sifuri sifuri."

Kabibi aling'amua kosa lilipo. Kompyuta huanza kuhesabu saa sita ya usiku; mbili yake ni saa nane, watu wamelala fofofo. Nelly aliandika kama sote tuandikavyo. Mkosa ni Kabibi, aliyeiachia programu imeze faili la mipangilio alilojaza Nelly bila kulikagua, ati makosa yataonekana mbele ya safari. Haya, yakaonekana! Mgeni huulizwa mlangoni, haulizwi akiwa keshajilaza kitandani.

"Nisamehe, mama. Wamezirusha usiku."

Mama akamtazama. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuwa ameizima redio, kwa kuchelea kupitwa. "Kwani ilikuwa redio? Nimemsikia baba yako. Kaniambia nisimuuze yule mbuzi. Nami nikamwitikia."

Kabibi alilia kwa wivu, tuseme kweli.

Jumatatu aliirekebisha programu. Sasa inalikagua faili papo hapo inapolisoma: saa isiyotajwa asubuhi au usiku haipiti, na programu haiwaki mpaka mtu asahihishe. Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, Chengo alisalimu. Sauti nyembamba, ya kitoto kidogo; Kabibi hakuitarajia, akaipenda mara moja. Mama alisikiliza kwa adabu.

"Ndiye," akasema. "Lakini wa usiku ule alikuwa akisema na mimi."

Tangu hapo mama halali ila redio iwe wazi kando ya mto wa kulalia. Kila Kabibi akija humletea betri mpya, na bado hajathubutu kumwambia kwamba lile kosa amelirekebisha.