Neno Nililoshindwa Kulisema Moroni

Nakumbuka asubuhi moja ya Moroni, mwanangu, pale mji mkuu wa visiwa vyetu, na nikiikumbuka naona haya mpaka leo, ingawa nimekwisha kuwa mzee wa kutafutiwa kiti. Umeniambia mwezi ujao utasimama kutoa mhadhara mkuu mbele ya wataalamu wenzako, ukaja nikuombee dua. Dua utaipata. Lakini keti kwanza, maana mhadhara kama huo nami niliwahi kuutoa, watu wakapiga makofi, na makofi yale sijamaliza kuyajutia.

Ilikuwa miaka ya mamluki. Waliingia mwaka wa sabini na nane, wakabaki, wakawa ndio walinzi wa wakubwa: wazungu wachache wenye magwanda meusi, na askari wetu chini yao. Hawakuwa na haja ya kupiga kelele. Jirani yetu mmoja pale kwetu Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, mwalimu, alichukuliwa na gari lao baada ya alasiri kwa maneno aliyoyasema dukani. Alirudi baada ya wiki tatu, na tangu siku hiyo hata ukimwuliza kama mvua itanyesha, hutazama nyuma kwanza kabla ya kukujibu. Kwa hiyo ninaposema niliogopa, usidhani nazungumzia woga wa kitoto.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimerudi kutoka masomoni, na elimu yangu ni hiyo hiyo yako, utafiti wa uendeshaji. Nyumbani hakuna aliyeijua. Mama aliwaambia wageni kwamba mwanawe amekwenda ng'ambo kusomea foleni, na watu walimpa pole. Lakini hakukosea sana. Kazi yetu ni kupima kwa hesabu wapi watu na vyombo vinapotezewa muda, na namna ya kuvipanga ili visipotezewe. Nami nilijivuna na elimu ile kuliko inavyostahili, nikitembea mjini kana kwamba foleni zote za dunia zinanisubiri mimi.

Basi Mutsamudu ilikuwa na foleni yake. Meli za mchele zilitia nanga mbali, matishari yakaenda kuchukua magunia na kuyaleta gatini, na makuli wakayabeba hadi ghalani. Mchele ulikuwa ukichelewa sana kufika madukani. Wanawake walisimama juani tangu asubuhi wakarudi na vikapu vitupu, na mjini lilienea neno moja, kwamba makuli ni wavivu. Mnyapara wa makuli hao alikuwa Mjomba Humadi, kaka yake mama, aliyenilea tangu baba alipofariki. Alikuwa na genge la watu kumi na wawili, wengi wa Mirontsy, wawili wa Patsy, miji midogo ya jirani. Neno lile lilimwuma kuliko magunia yalivyomwuma mgongo.

Nilimpa daftari la shule, nikamwomba aniandikie kila tishari linapofika na linapomaliza kushushwa. Mjomba hakusoma Kifaransa, lakini alisoma chuo cha Kurani, akaandika kwa herufi za Kiarabu, na saa yake ilikuwa ni swala. Tishari la kwanza, jua limepanda kiasi. La pili, kabla ya adhuhuri kidogo. La tatu, imamu anatoa salamu. Nilikaa wiki nzima na kalenda ya msikiti nikiyageuza maneno hayo kuwa dakika, na nakwambia, sijawahi kupata takwimu safi kama zile katika maisha yangu yote.

Humo ndani palikuwa na siku kumi na moja ambazo mjomba hakuandika kitu ila mstari mmoja mrefu. Nilimwuliza. Akaniambia kwamba ni siku ambazo ilifika meli ya wale walinzi. Makuli walifukuzwa, gati likafungwa, wakakalishwa nyuma ya maghala hata nusu siku huku matishari ya mchele yakielea tu. Kilichoshushwa hakuna aliyekijua, na kama yuko aliyekijua, hakusema. Nilipopiga hesabu, karibu ucheleweshaji wote ulitoka katika mistari ile. Zile siku nyingine, makuli wa mjomba walifanya kazi upesi kuliko nilivyotazamia.

Siku niliyoagana naye kwenda Moroni kutoa mhadhara juu ya hesabu zile, nilipiga magoti kuomba radhi, kama kijana afanyavyo kabla ya safari. Aliniwekea mkono kichwani. "Sitaki unitaje," akasema. "Nataka usomi wako useme jambo moja tu, kwamba si sisi." Nikamwahidi.

Nilifikia Ikoni, karibu na Moroni, kwa rafiki wa masomoni, na asubuhi ya mhadhara nikapanda teksi hadi mjini. Mlangoni mwa ukumbi, katibu wa mkutano, Mngazidja mmoja, mwenyeji wa kisiwa kile, mwenye adabu sana, alinivuta pembeni. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba leo kuna mgeni kutoka kwa walinzi, ameomba ratiba, na ameweka alama kwenye jina langu. Hakuniambia niseme nini wala nisiseme nini. Alinirekebishia kola ya shati, akaenda zake.

Mwanangu, kuanzia hapo sikuwa mtu. Niliingia nikamwona amekaa safu ya tatu, gwanda jeusi, kofia juu ya goti, akinitazama bila chuki yoyote, na kule kutokuwa na chuki ndiko kulikonitisha zaidi. Mbele yake walikaa maprofesa wa kigeni, na pembeni wakubwa wa Moroni na majoho yao. Nikamkumbuka yule mwalimu jirani yetu. Nikamkumbuka mama. Nilipoweka karatasi ya kwanza ya plastiki juu ya projekta, ukutani, mbele ya watu wote, herufi zangu zikatetemeka kwa ukubwa wa mlango.

Hata hivyo nilisema. Nilieleza matishari, nikaeleza saa za swala, wageni wakapendezwa, wakacheka pale palipofaa. Ile mistari kumi na moja niliipitia mbio, nikaiita "vipindi vya kusimama kwa kazi," nikaenda mbele. Nilidhani nimevuka. Kumbe mbele ya wataalamu shimo kwenye takwimu halifichiki, wewe mwenyewe unajua. Profesa mmoja mzee alinyoosha mkono. Akauliza kwa upole kabisa, vipindi hivi vya kusimama, ambavyo ndivyo tatizo lenyewe, sababu yake ni nini?

Nilimtazama profesa, nikaliona gwanda jeusi nyuma ya bega lake. Jasho lilinitiririka mgongoni. Kisha nikasikia sauti yangu ikijibu, nyepesi, ya kisomi. "Ni makuli," nikasema. "Hawana nidhamu ya saa. Wakitaka kupumzika, wanapumzika."

Watu waliitikia kwa vichwa, kana kwamba nimewaambia jambo walilolijua siku zote. Wengine walicheka. Bwana mmoja wa kampuni iliyoajiri makuli, aliyekaa karibu na dirisha, alifungua kalamu akaandika. Halafu makofi, na mikono ya kushikwa, na profesa akaniambia kwamba mhadhara wangu utachapishwa kitabuni. Yule wa gwanda jeusi naye alinipa mkono. Akaniambia hesabu zilimshinda tangu shuleni, hakufahamu hata moja, ila ukumbini kuna kiyoyozi na nje joto limezidi. Akauliza chai inatolewa wapi.

Nilikwenda msalani nikatapika. Labda hakuwa amekuja kwa kiyoyozi. Labda nisingelisema lile neno, ningelala mahali pengine siku ile. Sijajua, na sitajua. Nilichojua ni kwamba nimesalimika, na kwamba furaha ya kusalimika ilikuwa na harufu mbaya.

Sikuwa nimemaliza hata wiki mbili Moroni nilipopata habari. Kampuni imewaondoa Mjomba Humadi na watu wake kumi na wawili, imeleta genge jipya. Sababu iliyotolewa ni kwamba uvivu wao sasa umethibitishwa kitaalamu.

Nilipanda ndege kurudi Ndzuani nikatamani isifike. Mjomba nilimkuta kwake Mirontsy, barazani, anashona mfuko wa kuchumia karafuu. Nilipiga magoti pale pale kuomba msamaha, na maneno yakanitoka ovyo, gwanda jeusi, swali la profesa, mwalimu, mama. Aliniacha nimalize. Akauma uzi kwa jino.

"Uliogopa?"

"Niliogopa, mjomba."

"Hata mimi ningeogopa. Kwa hilo sikulaumu." Akaendelea kushona kidogo. "Lakini yule mzungu alipokuuliza, ungesema hujui. Neno moja. Sijui. Au wenye elimu hawaruhusiwi kulisema?"

Miaka yote ile ya masomo nilifundishwa kwamba anayesimama pale mbele ndiye anayejua. Neno hilo halikunipitia hata akilini. Kati ya ukweli ulionitisha na uongo uliowaponza watu kumi na watatu, palikuwa na neno dogo la katikati, nami nililiruka. Kwa nini niliwataja makuli? Kwa sababu hawakuwamo ukumbini. Kwa sababu walikuwa hawawezi kunifanya kitu.

Nikamwomba tena anisamehe. Alikataa. Alisema nimemsema mbele za watu, kwa hiyo siwezi kumwomba msamaha barazani kwake, wawili peke yetu, kama mtu aliyevunja sahani. Nikamwombe Ijumaa baada ya swala, katika uwanja wa mji, mbele ya watu wa genge na wake zao na yeyote apitaye.

Sasa hapo palikuwa na jambo jingine. Mimi nilikuwa bado sijafanya harusi kubwa ya mila, na uwanjani pale kijana wa namna hiyo husikiliza tu, hana haki ya kusimama akasema mpaka mtu wa heshima amwombee nafasi. Shahada zangu hazikuwa na maana yoyote pale. Niliwaendea wazee wawili watatu, wote wakaona haya kunisimamia. Ijumaa ilipofika, nimesimama nyuma na kofia yangu kichwani, sina wa kunisemea, aliyenyanyuka alikuwa Mjomba Humadi mwenyewe. Aliomba radhi za wazee, akasema, "Mtoto wangu ana neno. Nawaomba mumsikilize." Akakaa.

Na barabarani, hatua chache kutoka uwanjani, gari la askari wa walinzi lilikuwa limesimama, injini inanguruma. Mwanangu, Moroni niliogopa, lakini si kama pale. Nilishika ukingo wa ukuta. Nikasema, makuli hawa hawakuacha kazi hata siku moja, mistari iliyomo kwenye daftari haikuwa yao, nami nilisema uongo kwa sababu niliogopa.

Mzee mmoja aliuliza, "Uliogopa nini?"

Injini iliendelea kunguruma. Hakuna aliyegeuza kichwa, ila niliona macho ya uwanja mzima yanataka kwenda barabarani na yanazuiwa.

"Sina uwezo wa kusema," nikajibu.

"Basi," akasema yule mzee. "Tumefahamu." Akanyanyua mikono tukasoma Fatiha. Mjomba akaja akanishika mkono mbele ya wote, na mmoja wa makuli wa Patsy, aliyekuwa na watoto sita, akanipa mkono pia, bila kunitazama.

Kumbe ilikuwa inawezekana. Sentensi fupi isiyotaja mtu, na kila mtu akafahamu. Hakuna aliyekuja kunichukua, lakini wiki nyingi kila gari lililopunguza mwendo karibu na nyumba yetu lilinisimamisha moyo.

Kazi hawakurudishiwa. Mjomba alimaliza uzee wake akipanda kilima hadi Patsy kuchuma karafuu za watu, yeye aliyekuwa akiongoza genge zima. Mwaka uliofuata kitabu cha mkutano kilifika kwa posta, jalada zuri, jina langu ndani, pamoja na jibu nililompa profesa. Niliwaandikia waliokichapa waiondoe ile sentensi. Walijibu kwa adabu kwamba kimekwisha kusambazwa. Nikampelekea mjomba, akakigeuza geuza mkononi.

"Imo?" akauliza.

"Imo, mjomba."

Alifikiri kidogo. "Basi itabidi uishi sana," akasema, "ili uwaambie watu wengi kuliko hicho kitabu."

Kitabu kimo kwenye maktaba za miji ambayo sitaifikia, na kila anayekifungua anasoma kwamba makuli wa Mutsamudu, ndio Humadi wa Mirontsy na wenzake, walikuwa wavivu. Mimi nina mdomo huu tu. Ndiyo maana kila kijana anayekuja kuniomba dua ya safari namkalisha hapo ulipokaa, na leo ni wewe.

Kwa hiyo nisikilize. Sikwambii usiogope, anayekwambia hivyo hajawahi kuliona gwanda jeusi kwenye safu ya tatu. Ukiulizwa jambo, na ukweli wake unaweza kukuponza, utazame uwezo wako. Ukiweza kuusema, useme. Ukishindwa, sema hujui, sema huna uwezo wa kujibu, kaa kimya mpaka waone haya wao. Pengo liache lionekane kuwa ni pengo. Lakini usilizibe kwa mtu ambaye hayumo ukumbini. Na kabla hujapanda pale mbele, jizoeze kulisema lile neno dogo kwa sauti, nyumbani, mara nyingi, kama unavyojizoeza mhadhara wenyewe, kwa sababu siku ya hofu ulimi hauchukui ila kile ulichokizoea.

Leta kichwa chako hapa, niuweke mkono kama nilivyowekewa. Nenda na radhi zangu, na radhi za mjomba ambaye hukumjua. Mungu akulinde na kila anayeweka alama kwenye jina lako, akupe wa kukuombea nafasi siku usiyostahili kupewa, na hofu ikikujia, ikutoke jasho tu, isikutoke jina la mtu. Amina. Ukifika huko, wakikupa nafasi, waambie habari za makuli wale, kwamba si wao.