Kitambaa Chekundu cha Dalila, Mpima Habari wa Sfaksi

Tangu nihamie Sfaksi, huku Tunisia, miaka thelathini na moja iliyopita, sijawahi kudanganywa na habari ya gazeti. Sawa, mwezi uliopita nilipanga foleni saa mbili nzima mbele ya duka la ushirika kungojea sukari iliyotangazwa kuwa imewasili, na duka lenyewe lilikuwa limefungwa tangu Ramadhani. Lakini hiyo ilikuwa redio.

Ndiyo sababu nilimtafuta Dalila Shaabuni, mwanamke anayelipwa kwa kazi ya kutoamini.

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Dalila anaifunika televisheni kwa kitambaa cha meza. Ni kitambaa chekundu chenye doa la harisa, rojo la pilipili, lililoshinda sabuni zote za mjini. Anakivuta mpaka kioo kisionekane, anakaa, anafumba macho, anabonyeza rimoti.

Sauti ya mwanamume inasema bei ya mafuta ya zeituni imeshuka na wananchi wamefurahi. Nyuma yake kinanda kinalia taratibu.

"Wananchi gani?" Dalila anakiuliza kitambaa. "Wangapi? Hawana majina?"

Anaandika sifuri kwa wino wa kijani.

Kisha anakitoa, anazima sauti, anaitazama habari ileile upya. Watu wanachagua chupa sokoni, wanacheka. Dalila anasogeza pua karibu na kioo.

"Tumo Januari, katikati ya baridi," anasema. "Hawa wamevaa mikono mifupi."

Sifuri ya pili.

Dalila ana umri wa miaka hamsini na minne. Ofisi yake iko ghorofa ya tatu, karibu na lango la Bab Jebli, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hajaajiriwa. Inaitwa Mizani ya Habari. Kila wiki waamuzi watano huchukua tukio moja, wakaangalia gazeti limeliandikaje, redio imelisemaje, televisheni imelionyeshaje na watu wa simu wamelisambazaje. Kila mwamuzi ana fomu yenye maswali kumi, kila swali alama moja. Nani kasema? Alikuwepo? Picha ni ya siku hiyo? Jina gani limeachwa? Walipokosea, walisahihisha?

Kati ya watano hao, mwanamke ni yeye peke yake. Kitambaa pia ni chake peke yake. Wenzake humcheka.

"Gazeti hudanganya kwa kunyamaza," ananiambia huku akinimiminia kahawa. "Linaacha jina moja tu, basi, habari yote inachechemea. Redio, sikiliza anapovuta pumzi. Televisheni, iondolee muziki uone inabaki na nini. Hii ya simu nayo haina hata muda wa kudanganya vizuri, inakosea tu."

Nikamweleza kisa changu cha sukari, nikitegemea huruma.

"Ulimsikia nani akisema imefika?"

"Mtangazaji."

"Alikuwa dukani?"

"Nitajuaje?"

"Sasa mama, ile foleni ulipanga ya nini?"

Nilikunywa kahawa yangu.

Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa. Analipwa dinari mia nane na sabini kwa mwezi. Mia nne ni kodi ya nyumba, na kinachobaki kinakwenda Monastiri, anakosoma mwanawe Ghazi udaktari. Mume alivuka kwenda Italia miaka mingi iliyopita. "Inasemekana yuko hai," anasema Dalila, "ila habari hiyo haina chanzo cha pili."

Mkataba wake ni wa mwaka mmojammoja. Kila Januari, tarehe thelathini na moja, mkurugenzi huutia sahihi, au hautii.

Jambo moja analojivunia ni hili: miaka kumi iliyopita alidai kwamba siku ya tuzo, majina ya waamuzi na alama walizotoa yasomwe hadharani, mtu mmojammoja. "Asiwepo wa kujificha nyuma ya mwenzake," alisema. Wakubali wasikubali, aliwachosha wakakubali. Ikawa desturi ya ofisi mpaka leo.

Tuzo yenyewe hutolewa Jumapili ya mwisho ya Januari kwa habari bora ya mwaka. Haina fedha. Ina kitu kikubwa zaidi: siku hiyohiyo, habari iliyoshinda hurushwa tena yote, bila kukatwa neno, na vituo vyote vilivyoshiriki. Kwa mwaka huu, hapo ndipo penye kidonda.

Mwezi wa Novemba, msimu wa kuchuma zeituni, pikapu moja ilipinduka kwenye barabara ya Hinshiri Lahmari. Ilitengenezwa kubeba mizigo. Siku hiyo ilibeba wanawake thelathini na mmoja, wamesimama kama njiti za kiberiti, kwa sababu wakikaa hawaenei. Tairi lilipasuka. Wanne walikufa. Mmoja wao ni Shedlia, msichana wa miaka kumi na tisa, binti wa mchuma zeituni aitwaye Mbarka.

Gazeti liliandika mistari sita, likaiita ajali ya barabarani. Redio ilisoma rambirambi za wakubwa, na wakubwa walikuwa wengi kuliko marehemu.

Televisheni ilitoa dakika nane. Kituo sitakitaja, maana wao wana mawakili nami nina paka tu. Kulikuwa na machweo, kulikuwa na zumari, na kulikuwa na mama mfiwa, nywele wazi, akimwimbia marehemu binti yake beti za kuomboleza ambazo nchi nzima ililia nazo. Hata mimi nililia. Niliunguza mchuzi.

Halafu ikawepo ya simu. Dakika moja na nusu, jirani ameirekodi, picha inatikisika kama mtu anayepanda ngazi zetu. Mbarka amekaa ukingoni mwa barabara. Halii. Anasema walipanda saa ngapi, walikuwa wangapi, nani aliwaambia wasimame, na mara mbili anataja jina la mwenye shamba aliyeikodi pikapu ile. Nilimuuliza mhariri wa gazeti hili kama ninaweza kuliandika jina hilo hapa. Alikohoa.

Dalila alizipima zote nne kwa siku moja. Ilipofika zamu ya televisheni, akaweka kitambaa.

"Nilifumbua macho palepale," anasema. "Bibi yangu alikuwa mwombolezaji wa kukodiwa huko vijijini. Naijua kazi ile. Mama aliyefiwa haimbi beti, mama yangu. Beti huimbiwa yeye. Yeye hukaa ukutani, hana sauti. Vijana wa mjini hawalijui hilo. Waliona mama wa kweli hatoshi."

Sheria ya ofisi inamtaka mwamuzi apige simu moja kwa mtu aliyetajwa kwenye habari. Akaitafuta namba ya Mbarka kwa mkuu wa kijiji.

"Wewe ndiye mama yake Shedlia?"

"Ndimi, Lalla," akajibu kwa heshima, yaani Bibi.

"Yule anayelia kwenye televisheni ni wewe?"

"Waliniambia nilie, nikashindwa. Wakaniomba nisogee pembeni, nawazibia mwanga. Ndipo wakamleta Mannubia wa kijiji cha pili. Analia vizuri Mannubia, simlaumu."

Dalila aliipa televisheni tatu. Ile ya simu aliipa nane. Mbili alizikata kwa sababu ya kutikisika na kwa sababu mwenye shamba hakuulizwa upande wake. "Haki ni haki," anasema, "hata kwa mshenzi." Kisha akampigia Mbarka tena, jambo ambalo sheria haimtaki alifanye, akamwambia: wale wa zumari, mkononi mwangu wamepata tatu, na hawatapata ya nne.

"Na jina litasomwa?" aliuliza Mbarka. Kulia kwa nani hakukumshughulisha. Alitaka jina la mwenye shamba lisikike ndani ya nyumba za watu, kwa sauti, mara moja tu.

"Ile yako ikishinda, litasomwa kila mahali," alijibu Dalila.

Wiki ya mwisho ya Januari nilikuwa ofisini nikiandika makala haya. Akaingia mkurugenzi, Si Lasaadi, yaani Bwana Lasaadi, mtu mpole mwenye viatu vinavyolia. Alinisalimia vizuri, akaniomba niwapishe kidogo. Nikawapisha. Mlango ni wa kioo na masikio yangu bado mazima.

"Lalla Dalila, waamuzi wenzako wote wameipa ya televisheni tisa."

"Waambie wafumbe macho wasikilize tena."

"Ukumbi wa tuzo ni wa wale wa kituo. Matangazo ni yao. Wewe tu na hiyo tatu yako, utasema umefiwa wewe!"

"Si Lasaadi, yule si mama yake."

"Lakini majonzi ni ya kweli."

"Majonzi ya kukodi!"

"Nchi nzima ililia. Nchi nzima imekodiwa?" Viatu vikalia mara mbili. "Mimi nimeitazama habari hii mara tatu, kwa makini. Nawe usisahau tarehe thelathini na moja. Ghazi yuko mwaka wa ngapi sasa?"

"Wa nne."

"Amebakiza miwili. Mungu amfikishe."

Kupitia kioo nilimwona akimwekea mezani fomu mpya ya alama, na kalamu. Hapo nilitumwa kahawa chini sokoni, na kwa ngazi zile, kwa magoti haya, kahawa ni safari. Niliporudi Si Lasaadi alikuwa ameondoka. Dalila alikuwa anakunja kitambaa chake, anakikunja, anakikunjua, anakikunja upya.

"Umetia sahihi?" nikauliza.

"Sikutia," akasema. "Nimemwachia karatasi yake mezani. Andika hivyo."

Nikaandika hivyo.

Akaniambia pia mpango wake. Akistaafu, atazunguka shule za wasichana za mkoa mzima na kitambaa chake na televisheni ndogo, awafundishe kusikiliza. Somo moja tu, nusu saa. Ameshaongea na mwalimu mkuu mmoja huko Mahresi, naye kakubali, mradi hatadai nauli.

Makala yangu yalikuwa yaishie hapo, na yalikuwa mazuri. Lakini Jumapili Dalila alinialika kula, na Jumapili ndiyo siku ya kurusha tuzo.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba waya wa televisheni umechomolewa ukutani. "Umeme unaniunguzia vitu," akasema. Nikasema pole. Friji ilikuwa inanguruma.

Tulikuwa hatujamaliza supu mlango ulipogongwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono imechanika kwa matawi, amebeba dumu la lita tano la mafuta mapya. Alikuwa amepanda magari mawili tangu alfajiri. Alikuwa Mbarka.

"Kwangu televisheni hakuna," alisema, akambusu Dalila mashavu yote mawili. "Na kwa majirani sitaki, wataniangalia mimi badala ya kusikiliza. Nikasema nikaisikilize kwa Lalla Dalila. Leo si ndiyo leo?"

"Kula kwanza," alisema Dalila.

"Nimekula."

"Kunywa chai basi. Umetoka mbali hivi na dumu lote hilo, dada, ungeniambia nije nilichukue!"

"Itatupita."

"Haitupiti. Wanachelewaga hao. Halafu hii televisheni yenyewe mbovu, nilikuwa namweleza mama hapa."

Akanitazama. Nilipeleka kijiko mdomoni. Hakikuwa na kitu.

Mbarka aliinama, akauona waya, akauchomeka kama mtu anayemsaidia mwenye nyumba. Televisheni ikawaka bila ubishi wowote. Ukumbi, maua, watu wa tai. Si Lasaadi alikuwa jukwaani, anafuta jasho.

"Ile yangu wataipiga sasa?" aliuliza Mbarka, akakaa chini kwenye mkeka, miguu ameikunja.

"Waamuzi ni watano," alisema Dalila haraka. "Mimi ni mmoja tu. Mtu mmoja hawezi kitu, dada. Usije ukashangaa."

"Sishangai. Wewe uliwapa tatu wale?"

"Tatu."

"Wakakubana, hukukubali?"

"Sikukubali. Muulize mama, kaandika."

Nyuma ya Si Lasaadi zumari likaanza, na kwenye ukuta mkubwa wa ukumbi akatokea Mannubia, nywele wazi. Mtangazaji alifungua bahasha. Akasema ni habari iliyoliza taifa, na sasa, kama ilivyo desturi ya Mizani ya Habari, atasoma alama za waamuzi kwa majina yao.

Dalila alinyanyuka. Alikivuta kitambaa chekundu kutoka kwenye kiti, akakitupa juu ya televisheni, akakishusha kwa mikono miwili mpaka kioo chote kikafunikwa, doa la harisa katikati. Alibaki amesimama pale, amekishika, mgongo kwetu.

Kitambaa hakizuii sauti. Yeye ndiye aliyenifundisha hilo.

Majina mawili yakasomwa. La tatu. La nne.

"Dalila Shaabuni," ilisema sauti chini ya kitambaa. "Tisa."

Watu wakapiga makofi humo ndani. Mbarka hakulia. Alilitazama dumu lake la mafuta, kisha akautazama ule mgongo.

"Tisa kati ya ngapi, Lalla?"