Bonifasia Ataja Miti ya Mpaka

Bonifasia alipofiwa na mume, shemeji yake Frednand alitangaza kijiji kizima cha Murukulazo kwamba mama huyo amezeeka, kumbukumbu hana, shamba lirudi kwa ukoo. Kila asubuhi Bonifasia alipomenya ndizi alifumba macho, akataja miti ya mpaka mmoja mmoja kutoka mtoni hadi njiani, kisha kinyumenyume.

Siku ya kikao cha ukoo akasimama, akaitaja mmoja mmoja pamoja na aliyeupanda.

“Umeruka mmoja, shemeji! Ule wa pale mtoni!” Frednand alidakia.

“Huo uliung’oa wewe wiki ya matanga, shemeji. Twendeni wote mkaone shimo.”

Wazee wakaangua kicheko. Shamba likabaki lake, naye akarudi nyumbani akipiga vigelegele njia nzima.